Rufiji kwa Herufi za Wageni: Kufundisha Historia kwa Nyaraka za Kidijitali

Mwanafunzi wa Kibiti akiandika jina la wilaya yake katika simu, hakawii kukutana na habari za mauaji ya mwaka 2017. Akiandika Rufiji, ataletewa bwawa la umeme, kisha manowari ya Kijerumani iliyofia katika delta. Akiishia hapo, ataamini kwamba kwao hapakuwa na historia ila siku walipokuja wageni kupigana, au siku watu walipouawa. Kwa sababu hiyo, kuwafundisha vijana kutafiti historia kwa nyaraka za kidijitali si anasa ya shule za mjini. Nami nataka kuwaonyesha nyinyi wapenzi wa lugha kwamba kazi hiyo, kabla ya kuwa kazi ya kompyuta, ni kazi ya lugha.

Miaka niliyofundisha sekondari, kidato cha kwanza kilianza na mada ya vyanzo vya historia. Tuliviorodhesha ubaoni: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale, isimu. Wanafunzi walivikariri, wakavijibu katika mtihani, na wengi wakamaliza shule bila kushika hata chanzo kimoja mkononi. Nyaraka zilikuwa mbali. Majalada ya Wajerumani yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na tangu mwaka 1997 yamo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mengine yako Berlin. Ya Waingereza yako London.

Leo sehemu ya hazina hiyo imepigwa picha na kuwekwa wazi. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, linasomeka kutoka maktaba ya Berlin. Kitabu cha Gavana von Götzen juu ya Vita vya Maji Maji, kilichotoka mwaka 1909, kinapatikana bure. Vivyo hivyo Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ambacho Carl Velten alikichapisha na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Miswada ya tenzi kwa herufi za Kiarabu iliyohifadhiwa SOAS, London, nayo inaonekana kwenye kioo cha simu.

Hazina imesogea, lakini mlango wake una kufuli, na kufuli la kwanza ni tahajia. Mashine hutafuta herufi, haitafuti maana. Mto wetu umeandikwa Rufiji, Lufiji, Rufiyi, Rufidji, hata Rufigi. Mjerumani husoma s moja mbele ya irabu kama z yetu, hivyo aliandika Songea kwa kuanza na s mbili: Ssongea. Mohoro ikawa Mohorro. Basi anayetafuta habari za Salale na aijaribu Ssalale pia. Tena magazeti yale yalipigwa chapa kwa herufi za kale za Kijerumani, ambazo s ndefu hufanana na f, na mashine huzichanganya. Jina la Kibiti lenyewe halitamfikisha mbali katika karatasi za zamani, maana wilaya hiyo imemegwa juzi tu kutoka Rufiji. Wanafunzi wakipewa somo moja la kuorodhesha namna zote ambazo jina la kijiji chao lingeweza kuandikwa na sikio la kigeni, watakuwa wamejifunza fonolojia na historia kwa pamoja.

Kufuli la pili ni maana ya neno. Chukua habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Taarifa za Wajerumani humwita yeye na wenzake kwa neno Zauberer. Mwanafunzi akilitia neno hilo katika programu ya kutafsiri, atapewa ‘mchawi’, naye atalinakili daftarini. Lakini kwa Kiswahili mchawi ni adui wa jamii, na mganga ni tegemeo lake. Waliokwenda Ngarambe hawakwenda kwa mchawi. Walikwenda kwa mtu aliyesemwa kuwa amepagawa na Hongo, akazama mtoni na kutoka akiwa mkavu. Neno moja la mwandishi wa serikali limegeuza tegemeo la watu kuwa hofu yao, na kijana wetu analipokea kana kwamba ni ushahidi. Hapa mwalimu na asimame, awaulize: nani aliandika? Alimwandikia nani? Watu wenyewe wangetumia neno gani?

Hata idadi huulizwa hivyo hivyo. Makadirio ya Wajerumani ya waliokufa katika vita vile ni 75,000; wanahistoria waliokuja baadaye wamefikia hadi 300,000. Wengi walikufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwanafunzi asikariri namba moja kati ya hizo. Aulize kila mmoja alimhesabu nani, na alimwacha nani nje ya hesabu.

Manowari Königsberg inatupa somo jingine, ambalo ni la ukimya. Meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta, ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Nyaraka zake ni tele. Daftari za safari za meli za kivita za Uingereza zimenakiliwa na watu wa kujitolea katika mradi wa Old Weather, ulioanza mwaka 2010 ili kuijua hali ya hewa ya zamani. Mwanafunzi anaweza kujua upepo ulivuma kutoka wapi asubuhi fulani ya vita. Lakini meli ile ilipoharibika mitambo, vipande vya matangi yake ya mvuke vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kwa matengenezo, kisha vikarudishwa. Waliovuta ni Waafrika, kwa kamba na mabega yao. Upepo una rekodi kila baada ya saa chache. Hao hawana majina. Mwambie mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya wale wasioandikwa, akitumia yale tu yanayoweza kuthibitishwa. Ni zoezi gumu kuliko insha yoyote ya mtihani.

Lakini kuna mahali ambapo kijana wa Rufiji anamshinda msomi wa Ulaya. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya H. Marsland juu ya kilimo cha mlau katika bonde la Rufiji. Neno hilo, wengine husema mlao, ni kilimo cha baada ya mafuriko, ardhi ikiwa bado na unyevu. Mgeni atalihitaji lielezwe. Mjukuu wa mkulima wa bondeni atakwenda kwa bibi yake, naye bibi atamweleza ni mazao gani, mwezi gani, na mwaka gani maji yalikataa kupungua. Karatasi inatoa tarehe, bibi anatoa maana.

Jambo hili lina mfano wake nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti wa Maji Maji, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vile. Wazee hao hawapo tena. Yaliyobaki kwao ni yale tu ambayo vijana wale waliwahi kuyaandika. Leo wanaoondoka ni wazee wanaokumbuka operesheni ya vijiji, majahazi ya boriti na majina ya zamani ya mito ya delta.

Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nafasi ni nzuri. Shule isiyo na mtandao haihitaji kompyuta arobaini. Ukurasa mmoja wa gazeti la kale, uliochapishwa na mwalimu na kubandikwa ubaoni, watosha kipindi kizima. Kinachohitajika ni mtu wa kuusoma pamoja nao.

Na hapo ndipo nawageukia nyinyi washairi. Mnaoweza kusoma herufi za Kiarabu, mnaojua maneno yaliyokwisha kutoka vinywani mwa watu, mnaotambua kwa mizani kwamba mnakili ameruka silabi: shule za sekondari zilizo jirani nanyi zinawahitaji. Nendeni mkaombe kipindi kimoja.