Udongo wa Kongwa na Somo Lake kwa Makada

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe kuchunguza kilimo cha karanga katika makoloni yake ya huku. Ujumbe ulizunguka wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, nchi ya Wagogo.

Udongo wa Kongwa ni mwekundu, mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Masika hulainika, kiangazi hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Karanga nayo ina tabia yake. Baada ya kuchanua hushusha kikonyo kinachopenya ardhini, na ganda huumbika humo. Kwa hiyo hutaka udongo tifutifu, wakati wa kuzaa na wakati wa kung'olewa. Kongwa, mchanga uliyala majembe ya matrekta, na mfinyanzi ukazishika karanga zisitoke. Mvua nazo zilikuwa haba. Januari 1951 mradi ulivunjwa, na hasara ikapita pauni milioni 35.

Je, elimu ilikosekana? Hata kidogo. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha Amani, alikwisha eleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpango kutoka kilimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya mpango huo: luseni wa kichanga, itogolo mgumu, mbuga mweusi wa bondeni. Na Wagogo, wakiijua mvua yao, walilima mtama na uwele. Kilichokosekana ni kumwuliza mkulima. Ubeberu ulimwona kuwa ni mikono tu, haina kichwa.

Lakini, ndugu makada, tusiishie kwa wakoloni. Mwaka 1972 Chama kilitangaza Iringa kwamba Siasa ni Kilimo. Hata hivyo, katika operesheni za vijiji zilizofuata, baadhi ya vijiji vilipangwa kwa kufuata barabara, si udongo. Watu waliacha mashamba waliyoyajua, wakapewa wasiyoyajua. Nia yetu ilikuwa kujenga Ujamaa, si kunyonya. Lakini kosa la kutomwuliza mkulima lilikuwa lile lile, na aliyelala njaa ni yeye.

Kwa hiyo kada afikapo kijijini asianze na hotuba. Ashike jembe, achimbe, kisha awaulize wazee: hapa huota nini, na maji hutuama wapi?