TOT na Asilimia 3 Iliyoniumbua

Wadau, leo tupige historia kidogo, maana kutoijua kuliniumbua.

Mwanzoni mwa 2020 nilimwandikia mama mmoja mwenye duka hapa Voi programu ya hesabu. Ile asilimia 3 ya TOT, kodi inayotozwa kwenye mauzo yote bila kujali faida, niliipachika ndani ya programu kana kwamba haibadiliki.

Kumbe historia ilishatuonya. TOT ilianza 2008 kwa asilimia 3. Mwaka 2019 ikapisha kodi ya asilimia 15 ya ada ya leseni ya biashara, ile tunayolipa kaunti ya Taita Taveta. Januari 2020 ikarudi na asilimia 3. Aprili, corona ilipobana, ikashuka hadi 1.

Programu yangu haikuwa na habari. Kwa mauzo ya shilingi 200,000 ilimpigia mama kodi ya 6,000 badala ya 2,000. Mabadiliko aliyasikia mwenyewe redioni, akanipigia simu. Niliona aibu.

Nikaunda jedwali: kiwango, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Julai 2023 kiwango kiliporudi asilimia 3, niliongeza mstari mmoja tu. Hesabu za zamani zikabaki na 1 yao.

Je mdau, yako umeipachika wapi?