Kiongozi: gazeti la bwana kwa lugha yetu

Juzi nilikuwa Mlingotini, kusini kidogo ya Bagamoyo, nikifuatilia habari ya akina mama wanaolima mwani. Jioni mzee mmoja akaniambia babu yake alikuwa msomi, ila gazeti la Mjerumani hakuweza kulisoma. Nikacheka. Msomi gani huyo?

Kumbe jibu liko wazi. Wazee wa pwani ile waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizazi vingi kabla ya mkoloni. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga, lilichapwa kwa herufi za Kizungu. Halikumlenga mvuvi wa Mlingotini. Liliwalenga maakida, makarani na walimu, yaani watu wa kumdai mvuvi kodi.

Na msidhani lilikuwa amri tupu. Mlikuwa na habari za Kaisari, sawa, lakini pia mashairi na habari zilizotumwa na wasomaji kutoka miji mbalimbali. Ujanja uko hapo. Ukiona jina lako limechapwa, gazeti linakuwa lako. Na ukitaka lichapwe tena, unajua la kuandika na la kunyamazia. (Sisi wa chumba cha habari tunaijua hiyo, tusidanganyane.)

Maji Maji ilipolipuka Umatumbi Julai 1905, mwenye gazeti ndiye aliyekuwa upande wa pili wa vita. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalifika watu 75,000 waliokufa, wengi kwa njaa baada ya askari kuchoma vyakula na mashamba. Ukisoma Kiongozi huwasikii hao. Unachojua ni karani alitakiwa aamini nini.

Mwaka 1916 Waingereza wakateka Tanga, kisha Bagamoyo, Kiongozi likafa. 1923 serikali yao ikatoa Mambo Leo: herufi zilezile, barua na mashairi vilevile, bwana mwingine. Hata Shaaban Robert alichapisha humo. Ilibidi kungoja hadi 1937, Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu, ndipo Tanganyika ikapata gazeti la Kiswahili linalomilikiwa na Mwafrika.

Yule babu, kwa maelezo ya mjukuu wake, aliendelea kuandika mambo yake kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari. Nikauliza daftari liko wapi.

"Mchwa, mwanangu."