Mgonjwa Asiyeitikia Shikamoo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavuta pazia, anasogea kitandani, anainama kidogo. "Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi mwanafunzi. Naomba nikupime presha."

Mama haitikii. Amelala chali, macho wazi, shuka limefika kifuani, na bega lake la kushoto limebanduka rangi kwa miaka mingi ya kugeuzwageuzwa. Mwanafunzi anatulia kidogo kama aliyejibiwa marahaba, kisha anamfunga kitambaa cha presha kwenye mkono wa plastiki. Nyuma yake amesimama mwalimu na karatasi ya alama, na kati ya alama za mwanzo kabisa ni hiyo salamu. Aliyepima presha vizuri bila kumsalimu mdoli ameshapunguziwa.

Mgeni akichungulia dirishani atacheka, na Kiswahili chenyewe kitamsaidia kucheka: mtoto wa bandia ni mwanasesere, noti bandia ni wizi, na neno ni lilelile. Lakini huyu aliyelala hapa ana ukoo. Umepitia mikononi mwa mkunga, mshona wanasesere na mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto, hadi ukafika Manyara.

Kabla ya ukoo huo, mwanafunzi alijifunzia kwa mgonjwa, na mara nyingi kwa mgonjwa maskini asiyeweza kusema "niletee mwingine". Kosa la kwanza la kila mwanafunzi lilikuwa na mwili wa kuliumia.

Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique du Coudray hati ya kuzunguka nchi nzima akiwafundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma, na hotuba ya darasani isingewafaa kitu. Mama huyu akashona alichokiita mashine: kiwiliwili cha mwanamke kuanzia kiunoni hadi mapajani, cha kitambaa na ngozi, kilichoshindiliwa pamba, chenye kamba na mikanda ya kuvutwa ili njia ya uzazi ibane au ilegee. Mtoto wake wa nguo alikuwa na pua, masikio, na kinywa kilichoachwa wazi makusudi. Mtoto akitanguliza makalio, kidole cha mkunga kikiingia kinywani husaidia kukiinamisha kichwa kisinase, na jambo hilo halisomwi ubaoni. Kidole chenyewe ndicho kinachopaswa kulijua.

Alizunguka na mashine zake hadi mwaka 1783. Iliyobaki leo ni moja tu, katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Ilipopigwa eksirei, ndani ya pamba ilionekana mifupa halisi ya nyonga ya mwanamke kijana. Sijui huyo tumwite mdoli au marehemu anayefundisha.

Kizazi kilichofuata kilizaliwa Marekani, nacho kwa sindano na uzi. Martha Jenks Chase wa Pawtucket, Rhode Island, binti wa daktari na mke wa daktari, alianza kushona wanasesere wa watoto mwaka 1889. Alivuta kitambaa cha kufuma, laini kama cha soksi, juu ya sura iliyochongeka vizuri, kisha akakipaka rangi ya mafuta. Kwa rangi hiyo mwanasesere aliweza kuoshwa. Kwa mtoto anayecheza hilo ni jambo dogo. Kwa shule ya wauguzi, ambako kuogesha mgonjwa kitandani ni somo la siku za mwanzo, ndilo lililokuwa linatafutwa.

Aliyeliona ni Lauder Sutherland, mkuu wa shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford, jimboni Connecticut. Wanafunzi wake walikuwa wakijifunzia kwenye sanamu zilizojazwa majani makavu, ambazo hazikunji goti wala kiwiko. Akamwomba Bi Chase amshonee mwanasesere wa kimo cha mtu mzima. Mwaka 1911 akapelekewa: futi 5 na inchi 4, mwenye viungo vinavyokunjika, anayeweza kuvalishwa, kugeuzwa ubavu na kukalishwa kitini. Wanafunzi wakampa jina la aliyemshona, Mrs. Chase, na kwa miongo kadhaa wauguzi wa Marekani walimtaja kama mtu wanayemfahamu.

Mwaka 1914 alitoka Mrs. Chase mpya. Mkononi alikuwa na mahali pa kuchoma sindano, na ndani ya mwili kilifichwa chombo cha maji, ili wanafunzi wajifunze kuweka mpira wa mkojo na kupiga enema. Hapa naomba msomaji tusimame kidogo. Huu ni mpira ambao mgonjwa aliye macho huona haya hata kuutaja. Binti aliyetoka kwao juzi, ambaye hajawahi kumwona mtu mzima akiwa uchi, sasa angeweza kukosea mara nane mchana mmoja bila kumfedhehesha mtu. Mrs. Chase hakuguna wala hakukaza mapaja.

Na hapo hapo ndipo upungufu wake ulipo. Asiyeguna hakufundishi kusikia mguno. Mshipa wa mdoli hukaa palepale ulipochorwa. Mshipa wa bibi wa miaka 70 aliyeharisha siku tatu hukukimbia chini ya ngozi, huku mwanawe amesimama pembeni akikutazama mikono. Ndiyo maana mwanafunzi hutolewa kwa mdoli akapelekwa wodini. Masaa ya wodi hayana mbadala, na chuo kinachoyapunguza kwa sababu kimenunua wanasesere wapya kinajidanganya.

Kizazi cha tatu cha ukoo huu kilizaliwa mjini Stavanger, Norwe, ambako Åsmund Lærdal alikuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Katika miaka ya 1950 mwanawe mdogo, Tore, alinusurika kufa maji; baba ndiye aliyemtoa na kumhuisha. Madaktari walipotaka kitu cha kujifunzia kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo, Lærdal akawatengenezea Anne, aliyetoka mwaka 1960. Sura yake aliitoa kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana, anayesemekana kuopolewa Mto Seine. Tore alikua, akaja kuiongoza kampuni ya baba yake. Katika kampuni hiyo ndimo alimotoka NeoNatalie, mtoto mchanga wa plastiki anayepatikana pia akiwa na ngozi nyeusi. Humiminwa maji ya uvuguvugu ndani yake mpaka awe na uzito na ulegevu wa kichanga. Ukibonyeza kipira kimoja, kitovu kinadunda, kingine, analia. Ukimpulizia hewa kwa mfuko na kinyago sawasawa, kifua kinainuka. Ukikosea, hakiinuki.

Kuanzia mwaka 2009 wahudumu wa hospitali 8 za Tanzania walifundishwa kwa mtoto huyo namna ya kumsaidia kichanga asiyepumua ndani ya dakika yake ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Lakini kwangu somo kubwa zaidi ni la Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwe. Mwaka 2010 wahudumu wa huko walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa kwa mdoli walikuwa wameiva. Watafiti walipowatazama kwenye chumba cha kujifungulia, hawakuona mabadiliko ya maana. Siku moja ya semina, na chai yake na cheti chake, haikuvuka mlango wa leba. Mwaka uliofuata wakabadili utaratibu: mdoli akawekwa karibu na kazi, na wahudumu wakajifua dakika 3 hadi 5 kila wiki. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Katika vituo vingi nilivyopita, mtoto huyu wa plastiki yuko kwenye boksi lake, boksi liko kabatini, na kabati limefungwa "asije akaharibika". Anangoja wageni au semina nyingine. Mganga mfawidhi unayesoma haya, muulize leo anayeshika ufunguo. Mtoto atolewe, ajazwe maji, alazwe kwenye meza iliyo karibu na leba, na zamu ya usiku ianze naye.