Asili na Maana ya Neno "Msambwa" katika Historia ya Webuye

Jina Dini ya Msambwa aghalabu hufasiriwa kuwa "ibada ya mizimu ya wahenga". Fasiri hii si ya uongo, bali ina upungufu, na upungufu huo unapotosha usomaji wa historia ya Wabukusu na vuguvugu lililoongozwa na Elijah Masinde.

Katika Kibukusu neno hili ni kumusambwa, wingi wake kimisambwa. Hutaja nguvu za wahenga, na papo hapo hutaja mila zinazorithiwa katika ukoo, tohara ikiwa mojawapo. Waganda nao wana omusambwa, yaani pepo mwenye makao maalumu: kijito, mwamba au mti. Humtofautisha na omuzimu, roho ya marehemu, neno lenye nasaba moja na mzimu wa Kiswahili. Kuwapo kwa shina -sambwa mashariki na magharibi ya Mlima Elgon kwadokeza kwamba neno hili ni kongwe kuliko mpaka wa Kenya na Uganda. Fauka ya hayo, matumizi ya Kiganda yanamhimiza mhakiki aizingatie dhana ya mahali.

Kwa watu wa Webuye, mahali hapo ni Chetambe. Katika ngome ya kilima hicho, mwaka 1895, Wabukusu walishindwa na kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley. Mnamo Septemba 1947, Masinde aliongoza umati hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Kwa tendo hilo, wafu na ardhi walikofia viliunganishwa. Kuwaenzi wahenga kukawa pia kuidai nchi yao. Februari 1948 polisi waliwaua watu 11 huko Malakisi, na mwaka huo huo vuguvugu likapigwa marufuku.

Muundo wa jina nao una hoja. Kiambishi kumu- kimekuwa m-, kwa kanuni ya Kiswahili. Dini, neno lenye asili ya Kiarabu, ndilo lililotumiwa pia kuutaja Ukristo wa wamisheni, na Masinde mwenyewe alilelewa katika Kanisa la Marafiki. Kuliambatanisha na msambwa ni kudai hadhi sawa. Aidha, jina hilo la Kiswahili lilivuka mipaka ya Kibukusu, likatumiwa hata miongoni mwa Wapokot.

Kwa hiyo, anayefasiri msambwa kuwa "mizimu" tu huwahifadhi wafu lakini huipoteza ardhi, ilhali ardhi ndiyo iliyogombewa.