Jumba Lililopigwa Mnada kwa Dola 1,350

Mstari wa matofali mekundu unaokatiza katikati ya Boston, kwa urefu wa kilomita 4, humpitisha mgeni kwenye maeneo 16 ya kihistoria, mengi yakiwa ya enzi za mapinduzi ya Marekani. Mwenye nafasi ya kuingia mahali pamoja tu, na aingie jumba la Old South Meeting House.

Waumini wa Kipuritani walilijenga mwaka 1729, na hapakuwa na jengo kubwa kulizidi mjini. Ndiyo maana mikutano iliyofurika ukumbi wa Faneuil Hall ilihamia huku. Desemba 16, 1773, watu wapatao 5,000 walijazana humo wakingoja jibu la gavana wa koloni, Hutchinson: je, meli ya chai iruhusiwe kurudi Uingereza bila kulipa ushuru? Alikataa. Usiku huohuo masanduku yapatayo 340 ya chai yalimwagwa baharini. Waingereza walilipiza: mwaka 1775 askari wao waling'oa mabenchi, wakayafanya kuni, wakatandaza udongo sakafuni na kufanya jumba uwanja wa kufundishia farasi.

Miongoni mwa waumini alikuwemo Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi angali mtoto. Alipokelewa kanisani mwaka 1771, akiwa bado mtumwa, na diwani yake ya mashairi ikachapishwa London mwaka uleule wa chai. Madai ya uhuru yaliyonguruma humo hayakumhusu mtu kama yeye.

Lakini kwangu mimi sura kubwa zaidi ni ya mwaka 1876. Waumini walikuwa wamehamia kanisa jipya, na jengo likapigwa mnada kwa dola 1,350, libomolewe na vifaa vyake viuzwe. Nyumba ya mwanamapinduzi John Hancock ilikuwa imekwisha kubomolewa mwaka 1863, na hili nalo nyundo zilikuwa zimeanza kulilia. Wanawake 20 wa Boston wakajitokeza kulinunua. Kiwanja kilikuwa balaa jingine: dola 400,000. Mary Hemenway peke yake alitoa 100,000. Wanawake wote hao hawakuwa na haki ya kupiga kura.

Likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1877. Njia ya matofali ilikuja baadaye sana, kutokana na wazo la mwandishi wa habari William Schofield mwaka 1951. Mjadala wa chai bado huigizwa humo mwezi Desemba, na watazamaji wana ruhusa ya kuzomea.