Leuk na Ananse Darasani: Ngano za Afrika Magharibi na Suala la Hadhira

Mwaka 1953, Léopold Sédar Senghor na Abdoulaye Sadji walichapisha *La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre*, kitabu cha kusomea kilichokusudiwa shule za msingi katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Mhusika wake mkuu, Leuk, ni sungura mjanja. Mmoja wa mahasimu wake ni Bouki, fisi mlafi. Majina hayo ni ya Kiwolofu, lakini kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa.

Hapo ndipo penye utata. Kitabu hiki kilimpa mtoto wa Senegali wahusika wa ngano za nyumbani kwao. Papo hapo, kiliwafanya wahusika hao kuwa ngazi ya kupandia kwenye lugha ya mtawala. Ngano iligeuzwa kuwa kifungu cha ufahamu, na mtoto aliyekuwa sehemu ya hadhira akawa msomaji wa kujibu maswali. Hatuwalaumu waandishi: Sadji mwenyewe alikuwa mwalimu ndani ya mfumo ulioipa lugha ya Kifaransa nafasi yote darasani.

Je, tatizo lilikuwa lugha peke yake? Mfano wa Ghana unatutahadharisha tusihitimishe hivyo haraka. Efua Sutherland, mwasisi wa Ghana Drama Studio jijini Accra, alizichota ngano za Ananse, buibui mjanja wa Waakani, akaunda utanzu wa maigizo aliouita *anansegoro*. Tamthiliya yake *The Marriage of Anansewa* (1975) imeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, ndani yake amehifadhi *mboguo*, yaani nyimbo ambazo kwa desturi hadhira huzichomeka katikati ya masimulizi, fanani akanyamaza kuzipisha. Lugha ilibadilika, ila haki ya hadhira kumkatiza fanani ilibaki.

Tunadai, basi, kwamba kuingiza ngano katika mtaala si sawa na kuingiza usimulizi darasani. Leuk aliingia shuleni, lakini hadhira yake iliachwa mlangoni. Hoja hii inatuhusu sisi pia tunaofundisha fasihi simulizi ya Kiswahili. Mwalimu anayetamka "Paukwa" kisha akaendelea kusoma bila kungoja "Pakawa" anafundisha maandishi ya ngano. Ngano yenyewe bado hajaifundisha.